Baba Alipomshitaki Mtani Wake

Watu husema nina ulimi mkali, na kwamba nikimwona mtu anajikweza siwezi kunyamaza. Wanasema kweli. Nikialikwa harusini nikamwona bwana fulani anasogezewa kiti cha mbele, naye anakaa amekunja uso ili ajulikane kuwa ni mtu mzito, mimi natafuta mahali nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau, maana najua nikibaki karibu naye nitatamka neno. Wanaonijua hudhani ni ujuaji wangu tu. Kumbe ni kuona haya. Yule bwana ananikumbusha baba yangu, na baba yangu nilimpenda sana.

Tulikaa Iringa, mtaa wa Mshindo, miaka ya hamsini, mimi nikiwa msichana wa kutumwa sokoni na kuchota maji. Babu yake baba alikuwa Mzaramo aliyekuja bara na misafara ya zamani, akaoa huku, akabaki huku. Kwa hiyo tulijiita watu wa pwani, tukavaa kanzu na kanga, tukawacheka majirani kwa Kiswahili chao, ingawa katika nyumba nzima hakuna aliyewahi kuiona bahari. Baba aliuza mchele na maharage sokoni. Mchele aliufuata Usangu kwa kupanda malori ya watu, akikaa juu ya magunia pamoja na kuku, akirudi nyumbani ana rangi moja na barabara.

Mkabala na meza yake sokoni palikuwa na bucha ya Mnyamwezi mmoja, mtu mzima aliyempita baba kwa umri. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ile ile. Anayeujua utani hahitaji kuelezwa, lakini siku hizi wapo wasioujua, basi niseme: mtani anakutukana nawe hukasiriki, anachukua chako nawe humwiti mwizi, na siku ya msiba wako yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha wafiwa. Asubuhi, kabla hata ya kufungua bucha, yule muuza nyama alikuwa akipaza sauti kutoka ng'ambo: “We mtumwa wangu, umeamka? Nani kakupa ruhusa?” Na baba anajibu bila kuinua uso kwenye mizani: “Mpagazi, mzigo wa babu yangu umeufikisha wapi? Mpaka leo tunausubiri.”

Kulikuwa na mchezo wa kofia. Baba akiinama kupima mchele, kofia yake ya kufuma inapokonywa kichwani. Mara unamwona muuza nyama amesimama katikati ya mafungu ya nyanya ya akina mama wa Kihehe, anaizungusha kofia kwenye kidole, anainadi: “Kofia ya mtumwa! Anunuaye kofia, chawa anapewa bure!” Baba anatoka mbio, mizani ameiacha, wateja wanasubiri huku wanacheka. Akina mama wanapiga kelele, “Nyanya zetu jamani, nyanya!” Mwishowe baba anaikomboa kofia kwa kibaba cha mchele, na jioni anatusimulia upya nyumbani, akiiga sauti zote mbili, mpaka mama anajishika mbavu. Nikiulizwa furaha ina sura gani, mimi namwona baba yangu kichwa wazi, anakimbia kati ya mafungu ya nyanya.

Bibi, mzaa baba, alikuwa akiishi nasi. Alikuwa mnusaji wa ugoro, na chafya yake ilisikika mpaka msikitini. Mke wa muuza nyama alikuwa mtani wake kwa upande huo huo, na wawili hao walikuwa wameshapanga msiba wa bibi tangu bibi akiwa mzima. Wakikaa kibarazani wakichambua mboga, bibi anasema, “Siku nikifa, vaa kanga yangu hii, shika mkongojo, unuse ugoro. Haya, nione.” Yule mama anavaa kanga, anainama, ananusa, anapiga chafya. Bibi anamkosoa. “Hapana, hiyo ya mbuzi. Yangu inaanza tumboni. Rudia.” Walifanya mazoezi hayo mara nyingi, na bibi alikuwa akifurahi kama anayeshonewa nguo ya sikukuu. Alikuwa akisema mtu asiyechekwa siku ya kufa kwake atakuwa aliishi na nani?

Sasa kuhusu mali. Nimewasikia wahubiri wakisema watu hutaka utajiri kwa tamaa ya tumbo. Baba yangu hakuwa na tumbo hilo. Hata alipotajirika aliendelea kula ugali na maharage, na nyama aliwaachia watoto. Njaa yake ilikuwa nyingine, na naijua siku ilipoanza. Palikuwa na Mhindi mwenye duka kubwa, baba akimuuzia mchele tangu mimi sijazaliwa. Siku moja Mhindi yule alifika sokoni na mgeni wake, akauliza kwa sauti, “Yule Mswahili wa mchele yuko wapi?” Baba alikuwa amesimama mbele yake. Alirudi nyumbani, akakaa, akamwambia mama, “Miaka yote hii hanijui jina.” Mama akamwambia wewe la kwake unalijua? Baba akasema analijua, lake na la baba yake, maana limeandikwa juu ya mlango wa duka.

Tangu siku hiyo baba alifanya kazi kama aliyechomwa mkuki. Alifuata mchele Usangu, akapeleka viazi, akanunua maharage vijijini kwa miguu, akajinyima hata chai. Baada ya miaka kadhaa mzungu mmoja wa mashamba ya tumbaku alikuwa anarudi kwao, akauza lori lake kuukuu, na baba akalinunua. Kabla hajalipakia hata gunia moja alilipeleka kwa fundi wa rangi. Paji la uso la lori, juu ya kioo, liliandikwa jina la baba na jina la babu yake, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Sote tulisimama barabarani tukilisoma. Mimi nililisoma kwa sauti, mara nyingi, nikijua watoto wa jirani wananisikia.

Lilisomewa maulidi. Baba alichinja mbuzi, akaalika sheikh, akamwalika liwali aliyeshika baraza la mjini, akamwalika na yule Mhindi. Alivaa koti juu ya kanzu, na kichwani, badala ya kofia ya kufuma, kofia ya pama mpya. Tuliona wenyewe kwamba hata mwendo umebadilika. Alikuwa ameanza kusafisha koo kabla ya kuzungumza, na akisalimiwa alikuwa akiinua vidole viwili tu.

Watu walipokwisha kula, muuza nyama aliingia na kamba ya kufungia ng'ombe. Akaenda moja kwa moja kwenye lori, akaifunga kamba kwenye bampa, akawageukia wageni. “Waheshimiwa, asanteni kwa kuja. Gari hili ni langu. Mtumwa akinunua kitu, kitu ni cha nani?” Watu wakaangua kicheko. Koti la baba lilikuwa kwenye kiti cha lori, maana alikuwa amelivua wakati wa kula. Muuza nyama akapanda, akalivaa, akakaa mbele, akaanza kumwiga. Akasafisha koo. Akainua vidole viwili kwa mbuzi waliokuwa wakipita. Akasema kwa sauti ya baba, “Nijueni, jamani, nijueni, jina langu liko juu hapa, msiojua kusoma mtasomewa.” Liwali alicheka mpaka akafuta machozi. Baba naye alikuwa anacheka. Nayakumbuka meno yake. Kwa utani wote wa Iringa, hilo halikuwa kitu: baba angetoa kipande cha mbuzi, kamba ingefunguliwa, na jioni tungesimuliwa.

Ila yule Mhindi hakuujua utani. Aliinama kwa baba, bila ubaya wowote, mtu anayetaka kuelewa, akauliza, “Bwana, kweli wewe ni mtumwa yake huyu?”

Waliosikia wakacheka zaidi. Baba aliacha kucheka.

Wiki ile ile alikwenda barazani kwa liwali, akamshitaki mtani wake kwa kumvunjia heshima. Mama alimsihi, bibi alimgombeza, yeye akajibu kwamba mambo ya zamani yana mwisho, kwamba mtu mwenye gari barabarani hawezi kuitwa mtumwa mbele ya wafanyabiashara. Bibi akamwambia, “Mwanangu, hapa mjini hakuna ambaye si mtumwa wa mtani wake. Unatafuta kuwa huru peke yako?” Baba akachukua kofia ya pama akatoka.

Jambo linaloniuma kuliko yote katika habari hii ni kwamba muuza nyama hakuamini. Alidhani mashitaka yenyewe ni utani, tena utani mkubwa kuliko wote. Alipita mtaani amevaa vizuri, anamwambia kila mtu, “Leo mtumwa wangu kanipata! Kanipeleka kwa liwali! Sijui nitamlipa kwa nini huyu.” Watu walijaa barazani wakitegemea kichekesho. Sisi watoto tulisimama nje, kwenye dirisha.

Liwali alimsikiliza baba mpaka mwisho, akakuna ndevu. “Bwana, mimi nilikuwapo, na nilicheka. Unataka nijishitaki na mimi?” Watu wakacheka. Baba hakucheka. Liwali akaona, akabadilisha sauti. “Basi. Mtani hahukumiwi kwa utani, hilo hata wewe unalijua. Kwa hiyo nakuuliza swali moja, nawe ujibu mbele ya watu. Huyu ni mtani wako? Kama ni mtani wako, nendeni nyumbani mkachinje kuku, mle. Kama si mtani wako, amekutukana, na nitamtoza faini.”

Muuza nyama alikuwa amesimama pembeni, bado anatabasamu, anamtazama baba kama mtu anayesubiri mwenziwe amalizie mzaha. Nilimwona baba akiangalia mlangoni. Yule Mhindi alikuwa amesimama pale.

“Si mtani wangu,” baba akasema.

Lile tabasamu la muuza nyama lilikaa usoni muda, likikosa pa kwenda. Kisha akainua kanzu kidogo, akatoa mfuko wake, akalipa alichoambiwa bila kubishana. Alipokwisha, akamgeukia baba, akainama. Alikuwa amemzidi baba yangu umri, watu wote mle ndani wakijua.

“Shikamoo, Bwana,” akasema.

Na baba akajibu, “Marahaba.”

Nilitoka pale dirishani nikaenda zangu nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisikutane na mtu. Nilikuwa mtoto, na sheria za wakubwa sikuzijua zote, lakini marahaba ile nilijua ni ya wizi. Nilijificha jikoni. Baba aliporudi, bibi alikuwa ameshapata habari. Hakugomba tena. Alimwuliza tu, “Sasa nani atawachekesha wafiwa wangu? Umenizika mkavu, mwanangu, na bado sijafa.”

Basi, baba alipata alichokitaka, mtu asinidanganye kwamba hakukipata. Lori lilikwenda na kurudi Mbeya, mchele na viazi, na biashara ilimnyookea. Hakuwa na haja ya kusafiri nalo, dereva alikuwa mtu mwaminifu, Mnyakyusa wa Tukuyu mwenye maneno machache, lakini baba alikwenda kila safari ili akae mbele. Alimwamuru dereva apige honi kila penye nyumba. Dereva alinung'unika kwa mama siku moja, “Mama, ile honi itakufa. Tunapigia mpaka mbuzi.” Toka Iringa mpaka Mbeya jina la baba lilijulikana. Watu waliokaa wakisubiri usafiri walisimama: “Shikamoo, tajiri!” Baba akainua vidole viwili. Yule Mhindi sasa alimwita kwa jina, akampa kiti dukani, akamwagizia chai ya maziwa.

Hata mimi nilionja. Shuleni niliitwa binti tajiri, nikapewa nafasi ya kwanza kwenye foleni ya maji, na sikuikataa. Utamu wa kujulikana haukatai mdomo wa mtu, na anayesema hautaki aulizwe kama amewahi kupewa.

Tatizo lilikuwa sokoni. Zamani nikitumwa nyama, yule muuza nyama alikuwa akinifungia mifupa mitupu, akisema kwa sauti, “Mtumwa hali mnofu!” halafu nikigeuka kuondoka ananiita, anasukumia kipande cha ini ndani ya kifurushi bila kulipisha, ananifukuza. Baada ya baraza alinichagulia sarara, bila mfupa, akaifunga vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili. “Msalimie Bwana,” akasema. Nilitamani anitukane. Nilisimama pale nikingoja nitukanwe, wateja wengine wakanisukuma. Ini sikupewa tena.

Na hakuwa yeye peke yake. Wanyamwezi wote wa mjini, na Wasukuma wao, walituchukulia hivyo hivyo. Walitusalimu vizuri. Walitupisha njia. Kuku wetu walizeeka bila kuibiwa. Jioni baba alikaa kibarazani na kofia yake ya pama, watu wakipita wanamwamkia, naye anaitikia, na baina ya salamu moja na nyingine hana neno la kusema. Wageni walikuja, lakini wa kuomba kitu, nao walicheka kabla hajamaliza sentensi. Mama akimwuliza habari za sokoni anasema ni nzuri. Zamani jibu hilo lilikuwa likichukua jioni nzima.

Bibi alifariki wakati wa baridi kali, ile ya upepo wa Iringa inayopenya hata blanketi. Nyumba ilijaa. Sijaona msiba mwingine uliojaa watu kama ule. Walitoka hata Mbeya kwa ajili ya jina la baba. Mke wa muuza nyama alikuja mapema, akashika kazi, akaosha vyombo, akapika. Sisi wanawake tulimtazama. Kanga ya bibi ilikuwa imetundikwa ukutani, mkongojo umeegemezwa pale pale, kichupa cha ugoro kwenye ukingo wa dirisha. Alipita mbele yake mara nyingi akibeba sinia, na kila akipita macho yake yalikwenda kwenye ile kanga, kisha yanarudi kwenye sinia. Mama hakuvumilia. Akamwita pembeni, akamwambia, “Dada, si ulimwahidi?” Yule mama akalia. “Nilimwahidi mtani,” akasema. “Kwa watu wasio watani ningeingiaje kuvaa nguo ya marehemu? Wataniita mchawi.”

Kwa hiyo tulilia mfululizo, kilio kisicho na pa kupumzikia. Asiyewahi kulia msiba wa namna hiyo hajui kilio kinavyochosha. Katikati ya msiba wa kawaida mtani anakuja anapiga chafya, watu wanacheka huku machozi yanatiririka, na yule marehemu unamwona tena, mzima, anakukosoa. Bibi yangu hatukumwona tena.

Kisha jeneza likatoka. Desturi ni kwamba watani hulala mlangoni, “Hatoki mtu hapa, huyu ni mtumwa wetu, tulipwe kwanza!” Wanaume wanabishana nao, wanatoa chochote, njia inafunguliwa. Baba alikuwa amejiandaa. Nilimwona tangu asubuhi amefunga sarafu kwenye pembe ya leso, ameishika mkononi. Alitangulia jeneza mpaka mlangoni, akasimama. Mlango ulikuwa mtupu. Nje, upande wa kulia, muuza nyama na wenzake walikuwa wamesimama kwenye mstari, wamevaa kanzu safi, wameinamisha vichwa kwa adabu. Hakuna aliyesogea. Baba alibaki pale kizingitini na leso yake, jeneza la mama yake liko nyuma ya mgongo wake, akimtazama yule mtu.

Muuza nyama akaja mbele. Nikashukuru Mungu, nikadhani ameshindwa kujizuia. Akampa baba mikono miwili. “Pole sana, Bwana,” akasema, akarudi mahali pake.

Sheikh akasema, “Twendeni, jamani, jua linapanda.” Jeneza likapita bila kuzuiwa na mtu. Wanawake tulijifunika nyuso, na haikuwa kwa ajili ya bibi peke yake. Mama aliniambia baadaye kwamba angeomba ardhi ipasuke immeze.

Baada ya msiba baba hakupenda tena honi. Dereva alinieleza hivyo. Jina liliendelea kuwa juu ya kioo, vumbi likalipaka, na baba hakusema lioshwe. Nilimwuliza mama kwa nini haendi tu bucha kumwomba radhi yule mzee. Mama alinitazama kama aliyeulizwa na mtoto mchanga. “Mtani haombwi radhi,” akasema. “Ukimwomba radhi unazidi kumwambia kwamba mlikosana kweli, kama watu baki. Mtani unamrudia kwa utani, basi. Na baba yako aanze wapi? Yeye ndiye aliyesema barazani. Hawezi kumtania mtu aliyemkana.”

Mwaka uliofuata shangazi yangu aliyeolewa Mbeya, mtaa wa Majengo, alijifungua, nikapelekwa kumsaidia. Nilisafiri kwenye lori letu, nimebanwa kati ya baba na dereva. Mchana tulifika Igawa, ambapo malori yote husimama ili abiria wapate kula wali wa Usangu. Palikuwa na hoteli ya mabati, benchi refu nje, na mama mmoja wa Kisangu akipakua chakula. Watu walipoliona lori walisimama. “Shikamoo, tajiri!” “Karibu, tajiri!” Mtu mmoja alisimama pia, mwishoni mwa benchi, sahani yake mkononi. Alikuwa yule muuza nyama. Alikuwa amekuja kununua ng'ombe wa Wasangu, kamba zake ziko miguuni.

“Shikamoo, Bwana,” akamwambia baba. Kisha akakaa, akaendelea kula.

Nafasi zilikuwa nyingi kwenye benchi lile. Baba hakukaa nilipokaa mimi na dereva. Alikwenda mpaka mwisho, akavua kofia ya pama, akaiweka kwenye benchi kando ya muuza nyama, karibu sana, ukingo wake ukigusa kanzu ya yule mzee. Kisha akageuka, akampa mgongo, akaenda kunawa kwenye debe la maji. Nikaelewa.

Baba yangu hakuwa mtu wa kunawa polepole, lakini siku hiyo alinawa. Alinawa mikono, akasukutua, akanawa tena. Kichwa chake kilikuwa wazi juani na nywele zimeanza kuwa nyeupe, jambo ambalo sikuwa nimeliona. Hakugeuka. Alikuwa ameinua mabega kidogo, kama zamani alipokuwa akijua kwamba kuna mtu anamnyemelea nyuma ya mizani.

Muuza nyama aliitazama kofia. Aliacha kula. Mkono wake ulisogea, ule wa kulia, vidole vikafunguka, na uso wake ukaanza kubadilika, nikaona kona ya mdomo inataka kupanda. Wallahi niliona. Nilisema moyoni, ichukue. Ichukue ukimbie nayo, iuze, mpe ng'ombe aile.

Kisha mama wa hoteli akapaza sauti, kwa nia njema kabisa, “Kofia ya tajiri hiyo, mzee, angalia usiimwagie mchuzi!” Na ule mkono ukatulia. Yule mzee akajipangusa vidole kwenye kamba. Akaichukua kofia kwa uangalifu, akaipuliza vumbi, akaisugua kwa mkono wa kanzu yake safi, akaenda mpaka alipokuwa baba, akamsubiri ageuke. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

“Kofia yako, Bwana. Usiiache ovyo, hapa kuna wezi.”

Baba akaipokea. Midomo yake ilichezacheza, akitafuta neno, nami nilijua analitafuta lile la mpagazi na mzigo wa babu. Halikuja. “Ahsante,” akasema.

Hatukumaliza chakula. Tuliporudi ndani ya lori baba hakuivaa ile kofia. Aliiweka mapajani, akaifunika kwa viganja. Tukaenda hivyo mpaka tukaanza kuziona nyumba za Uyole. Pale watu walikuwa wengi kando ya barabara na magunia yao, wakaliona jina juu ya kioo, wakaanza kusimama na kupunga mikono. Dereva alimtazama baba kutaka kujua apige honi au asipige. Baba alikuwa ameinama chini, nami nikainama kama yeye, ili wasinione.